Dungu kwenye Mkono wa Mariamu

Jumamosi. Jua kali, upepo hakuna, na ndege leo wameshuka kwenye mpunga kama watu walioalikwa.

Nimeshinda juu ya dungu, jukwaa letu la nguzo nne, nikiwawinga, narusha udongo kwa teo, napiga ukemi mpaka koo limekauka. Lakini si ndege walionichosha.

Alasiri Mariamu alinipigia simu ya video. Ni kitinda mimba wangu, yuko Japani, anatunza wazee kwenye nyumba yao ya wazee. Huko ilikuwa usiku tayari. Mwenzake wa kazini alimpeleka kwenye sherehe chini ya ardhi, unashuka ngazi, mlango hauna hata jina. Mimi nikajua basi, mtoto amepotea.

Akazungusha simu nione. Taa nyekundu, muziki unagonga kama mashine ya posho, vijana wamejichora tatuu mwili mzima: majoka, maua, samaki wanaopanda maji. Nikamuuliza huyo ni kambare? Akacheka sana. Mara ndege wakashuka, nikapiga ukemi wangu, na kule chini watu wote wakaitikia, wakidhani nacheza nao. Nikacheka na mimi, kwa nini niseme uongo.

Halafu akasema sababu ya kunipigia. Anataka kuchorwa mkononi. Kwenye kona alikaa mama mmoja wa makamo, anachora kwa sindano zilizofungwa kwenye kijiti, hatumii mashine. Na huyo mama amekataa kumgusa mpaka mimi niridhie.

Nikafikiria kanisa letu hapa Kulesa, nikafikiria watakaokuja kuposa. Nikamwambia, mwanangu, hiyo haitoki kwa sabuni. Mwenyewe akakubali kwamba hata huko wako wanaoiogopa, ukiwa nayo mabafu mengine ya pamoja huingii. Sasa ya nini?

"Nataka dungu letu, Mama. Na wewe juu yake."

Dungu lenyewe nguzo moja imeliwa na mchwa.

Nikaomba nizungumze na yule mama, Mariamu akitufasiria. Nikamuuliza, mama yako alipoziona tatuu zako alisema nini?

Akasema mama yake hakuziona. Kila yeye alipokwenda nyumbani alivaa mikono mirefu, hata wakati wa joto. "Hata siku zake za mwisho, nikimlisha uji, nilikuwa nimejifunika."

Nikamwambia Mariamu nitajibu nikishuka.

Nimeshuka. Nimeosha miguu, nimekaa mlangoni, na huo uji haunitoki kichwani.

Bibi yangu alikuwa na chale tumboni. Tulizipapasa kwa vidole akiwa amelala, wala hatukumwogopa. Lakini zile zilikuwa za zamani, najua watu watasema hivyo.

Tatuu siipendi. Leo siipendi na mwakani sitaipenda.

Lakini mtoto wangu anifiche mkono huku ananilisha? Hilo siliwezi.

Nimemtumia sauti. Nimesema: "Sijapenda, lakini mwambie achore. Ila ukija nyumbani, uvae mikono mifupi. Na nguzo azichore zote nne, nzima."

Kesho nikitoka kanisani nitatafuta mti wa ile nguzo.