Simoni, Miaka Kumi na Tisa

Jumatatu, 7 Aprili
Mvua tena. Bonde la Jangwani hapa mjini limejaa maji, kwa hiyo kliniki nayo imejaa homa na kuhara. Sijala mchana. Jioni nimepitia daftari la wagonjwa. Namba kumi na saba: Simoni Nangumbi, miaka kumi na tisa. Ameandikishwa, hakuingia kuniona.
Nimefunga daftari. Nikalifungua tena.
Majina hufanana.

Jumanne, 8 Aprili
Jina lile lile. Umri ule ule. Nimemuuliza Rehema, nesi wangu.
"Ni mzee, Daktari. Nimemwambia huwezi kuwa na kumi na tisa, akasema andika hivyo hivyo."
Nilipotoka kumwita, hayupo. Nikimshona fundi kidole nimesahau sindano ya ganzi. Haijawahi kutokea.

Jumatano, 9 Aprili
Mluzi. Miwili mirefu, mmoja mfupi. Katikati ya machinga na spika za maduka, nimeusikia wazi kabisa. Ni mluzi wetu wa kuvukia mto Ruvuma wakati wa vita vya ukombozi dhidi ya Wareno. Nilikuwa na miaka kumi na sita, napeleka dawa kwa wapiganaji ng'ambo. Simoni alikuwa mwenzangu wa njia. Tulioujua tulikuwa wawili tu.
Nimetoka mbio hadi mapokezi. Wagonjwa wamenikodolea macho. Rehema hakusikia kitu.
Naogopa.

Alhamisi, 10 Aprili
Sikwenda kazini. Nimesema nina mafua. Uongo.
Niandike basi, hakuna anayesoma. Simoni alipigwa risasi ya mguu. Wareno walikuwa karibu. Nilimlaza kwenye matete, nikamwambia nisubiri, nafuata mtumbwi. Sikurudi. Kambini nikasema amefia mikononi mwangu. Mama yake nilimwambia mwenyewe, Newala. Wakazika shati lake. Mimi nikaitwa shujaa, nikapelekwa kusoma udaktari.

Ijumaa, 11 Aprili
Ameingia. Si mzimu. Mzee mwenye fimbo, mguu umevimba, kidonda cha sukari kando ya kovu la risasi. Macho ni yale.
Wavuvi walimwokota. Vita vilipoisha alirudi kwao, akapitia makaburini, akakuta msalaba wenye jina lake. Anasema alijiona amesimama juu yake mwenyewe. Akageuza, hakufika hata nyumbani. Miaka ishirini sasa anauza viatu vya mitumba soko la Mchikichini. Kutoka hapa ni mwendo wa miguu tu. Amekuwa akiniona nikikatiza Mnazi Mmoja.
"Kwa nini hukuniita?"
"Nilitaka kuona kama utarudi mwenyewe."
"Na hiyo kumi na tisa?"
"Si ndiyo uliyonizikia?"
Mama yake alishafariki. Amebaki dada, Agnesi. Simoni anataka nimpigie simu, niseme kwa mdomo wangu. Nimeomba hadi Jumapili. Hata leo nimeomba anisubiri.

Jumapili, 13 Aprili
Amekuja asubuhi. Nimepiga. Nimesema yote bila kupumzika. 
"Mpe simu," Agnesi akasema.
Nikamsikia akimuuliza kama amekula. Simoni akalia. Kisha wakazungumza Kimakonde, muda mrefu. Mimi nilikaa sakafuni nikasafisha kidonda chake.
Agnesi hakuniulizia. Nimefunga bandeji, nikabaki pale pale chini mpaka walipomaliza.