Plasta Uliyonitumia

Malvern, Toronto
Februari 1994

Mjukuu wangu Neema,

Huku tu wazima, ila theluji imetufungia ndani. Mama yako anakusalimu.

Umeuliza kwa nini nimekurudishia ile plasta ya magoti. Mama yako alinisomea maandishi ya pakiti: dawa yake ina mfupa wa chui milia uliosagwa.

Nilipokuwa msichana, baba alimtega chui aliyekula mbuzi wetu. Tukashangilia. Alipochunwa, chuchu zake zikatoa maziwa. Mama, aliyekuwa akinyonyesha, alinipa mdogo wangu nimbebe, akaingia msituni kuwatafuta watoto wa yule chui. Alirudi jioni mikono mitupu. Tangu siku hiyo hatukusikia chui tena mlimani kwetu.

Najua ulininunulia kwa upendo. Magoti bado yananiuma, mjukuu wangu. Yaache yaume.

Bibi yako