Springi aliyoichagua Vernon

Lorna shoga, nakupigia nikiwa nje kwa fundi bunduki.

Si unajua mume wangu Vernon aliileta hapa ile bastola yangu ya kujikinga na dubu, eti fundi anilainishie triga?

Leo fundi mwenyewe, mzee Halvorsen, kaniita pembeni. "Binti, springi ya nyundo aliyotaka Vernon ni dhaifu mno. Utavuta, nyundo itagonga, na risasi haitoki."

Nikamtetea. Nikasema Vernon hakujua.

Mzee akasema, "Nilimwambia mara mbili. Akanijibu, weka hiyo hiyo, ni ya mke wangu."

Ni ya mke wangu, Lorna! Ya mke wangu!

Na kesho tunakwenda kuchuma matunda ya beri kule porini kwenye dubu, mimi na yeye tu.

Nimemwambia mzee arudishe ile springi ngumu ya mwanzo.

Vernon kapiga simu sasa hivi: "Triga imekuwa laini, mpenzi?"

Nimemjibu, "Laini kabisa."