Ndekilamo Wawili

Mchafukoge, Dar es Salaam
7 Juni 2024

Dada Euphrasia,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepungua kuuma na ng'ombe amekwisha kuzaa. Mimi ni mzima, ila jicho la kushoto bado lina ukungu. Nakuandikia kwa kuwa simu huisikii, nami sipendi kupiga kelele nikasikiwa na jengo zima.

Jana nilikuwa kliniki ya macho. Muuguzi akaita, "Mzee Ndekilamo!" Nikasimama. Na mzee mwingine, mrefu, mkavu kama ufito, akasimama.

"Mmoja akae," muuguzi akasema. "Mnamgombea daktari kama mpira wa kona!"

Watu wakacheka. Nikamwuliza yule mzee, "Ndekilamo yupi?"

"Benjamini."

Dada, hebu fikiri. Jina kamili la marehemu mdogo wetu! Mara mama mmoja akapaza sauti: "Jamani, si Mshale huyu? Wa marathoni?" Ndiye. Mshale yule tuliyemsikiliza redioni miaka ya themanini, bila kulijua jina la ukoo wake. Wagonjwa wakaacha foleni kwenda kumpa mkono.

Mimi aliniita "kaka". Katika jengo hili kila mtu ananiita "mwalimu". Tangu mdogo wetu Matilda afariki, hakuna anayeniita kwa jina la undugu.

Nilimwuliza ni wa nyumba ipi katika ukoo wetu. Akasema macho yanamwuma. Jumapili ya tarehe 16 atakuja kula kwangu. Niandikie upesi: ni mtoto wa nani?

Mdogo wako,
Theophil


Kilema
15 Juni 2024

Mdogo wangu Theophil,

Marahaba. Ng'ombe amezaa jike. Magoti ni yale yale. Barua yako ilikaa siku sita kwa karani wa basi, na Jumapili yako ndiyo kesho, kwa hiyo hii haitakuwahi. Kama hujamwuliza lolote, usimwulize.

Si wa ukoo wetu. Alizaliwa Shukuru Ntandu. Wazazi wake walitoka Singida kuchuma kahawa huku. Alifeli darasa la saba, na kurudia hakuruhusiwa. Mwaka ule Benjamini wetu alikuwa amekufa kwa surua, na jina lake lilikuwa bado limo katika orodha ya mtihani. Mama alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu. Akasema, "Mpeni huyu. Nataka jina la mwanangu liitwe, na mtu aitike."

Wewe ulikuwa unafundisha Kilosa. Tulikuficha kwa sababu ungetushitaki, usikatae. Mshale alipokimbia, mama aliiweka redio kwenye kiti cha Benjamini.

Dada yako,
Euphrasia


Mchafukoge
24 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi kwa ndama. Barua yako ilinifikia Jumanne, na Jumapili nilikwisha kumwuliza.

Nilipika ndizi kwa nyama. Kabla hajashika kijiko, niliweka mezani daftari la ukoo na kalamu, nikamtaka aandike jina la baba yake. Alilisukuma daftari pembeni. Kisha akanieleza yote.

"Mama alinipa, kaka."

"Mama yangu hakuwa mwongo," nikamjibu. "Umefanya mtihani kwa jina la maiti. Lirudishe."

Alikuwa amekwisha kunawa. Akajifuta mikono, akasema, "Sawa," akashuka ngazi polepole, yeye Mshale. Zile ndizi nimezila siku tatu.

Nimempigia simu mara tisa. Nimekwenda Magomeni anakokaa, binti yake Joyceline akanijibu mlangoni, "Baba amelala." Ilikuwa saa nne asubuhi. Nimezunguka Kariakoo yote nikitafuta jani la isale. Mama mmoja wa kwetu, muuza ndizi, akanicheka: "Mwalimu, jani la kuombea msamaha unalitafuta sokoni? Hilo linatoka nyumbani!"

Dada, nitumie.

Mdogo wako,
Theophil


Kilema
1 Julai 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Isale hili nimelikata kaburini kwa Benjamini, pale mama alipolipanda. Usimhutubie. Mpe tu, kwa mikono miwili.

Dada yako


Mchafukoge
12 Julai 2024

Dada Euphrasia,

Shikamoo. Isale lilifika likiwa bichi. Jana nililifunga katika gazeti lenye maji, nikaenda nalo kliniki. Alikuwa mwisho wa benchi.

Muuguzi akaita, "Mzee Ndekilamo!"

Nilinyamaza makusudi, ili asimame yeye. Hakusimama.

"Mzee, ni wewe," muuguzi akaniambia. "Mwenzako amebadilisha jina kwenye faili. Siku hizi uko peke yako."

Nikasimama. Nilipotoka kwa daktari nikasikia, "Shukuru Ntandu!" Akainuka taratibu, kama mtu anayejaribu viatu vipya.

Nilimsubiri nje. Nikampa isale kwa mikono miwili, naye akalipokea kwa mikono miwili. Amekulia kwetu, analijua. Nikamwambia, "Jina ni lako. Mama alikupa."

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini ulisema nilirudishe. Nimelirudisha."

Nikamwuliza kama atakuja Jumapili. Dawa ya daktari ilikuwa imenitia kiwi, akanishika kiwiko hadi kwenye ngazi za barabarani, akaniachia pale.

"Mwalimu," akaniita, "angalia ngazi hiyo."

Nikaitika, nikaangalia ngazi.

Mdogo wako,
Theophil