Karatasi ya Maabara Mfukoni

Lushoto, Jumanne

Mama mmoja mchuma chai, aliyelazwa wodini kwetu na kidonda, bado anachomwa sindano ile ile. Majibu ya maabara yalitoka asubuhi: dawa ile haiviui tena vijidudu vya kidonda chake. Mimi ndiye mfamasia wa wodi; kusema ni kazi yangu.

Daktari alipoingia nikampa shikamoo. "Marahaba, binti yangu. Baba hajambo?" Yeye na baba walisoma pamoja. Baada ya hapo ningeanzaje kumwambia abadilishe dawa? Nikaikunja karatasi ya majibu, nikaitia mfukoni.

Jioni yule mama alinishika mkono. "Homa itashuka, dada?"

Nikamwambia itashuka. Mkono wake ulikuwa unawaka.

Chakula kimepoa, siwezi kukaa. Nimeshavaa koti, nakwenda kumgongea daktari. Shikamoo yake ataipata, na karatasi yake ataipata.