Kiu ya Yusufu na Maji ya Jicho Lake

Kigali, 1993

Mpendwa mdogo wangu Zaituna,

Barua hii sikuifunga. Sijui kama uko Bukavu, Uvira au umekwenda mbele zaidi, kwa hiyo nitampa mfanyabiashara yeyote wa Nyakabanda anayevuka mpaka, na akikukuta akusomee hata mbele za watu. Mabaya juu yako yalisemwa hadharani, na haya nayo yasikiwe hadharani.

Unakumbuka mama alivyotufundisha kukaribisha mgeni? Anayetoa kikombe aonje kwanza, ili anayepokea asiwe na wasiwasi. Wewe ulikuwa unaonja mpaka mgeni anabakiwa na nusu, na mama anakufinya: "We Zaituna, unaonja ama unakunywa?" Nilikuwa nacheka mpaka nafukuzwa sebuleni. Siku hizi nikikumbuka kicheko kile naona uchungu, maana kikombe kimoja ambacho hukukionja ndicho kilichotumaliza.

Ilikuwa Ramadhani. Mume wako Yusufu alianza kufunga kama sisi, kiu ikamshinda, akaambiwa mgonjwa ana ruhusa, atalipa akipona. Akawa anakunywa mtungi kwa mtungi na bado midomo imemkauka. Mama yake akaja kutoka Kagarama kumwona, yule mama wa kanisani ambaye hakuacha kumwita Faustini hata baada ya mwanawe kusilimu. Ukamkamulia mumeo nanasi, ukampa kikombe mkononi, hukuonja. Ungeonjaje na wewe umefunga? Kwetu hilo halihitaji maelezo. Mama mkwe wako hakujua habari za saumu. Yeye aliona mke anampa mwanawe kinywaji bila kukigusa mdomoni.

Alasiri Yusufu akaanza kuhema kama mtu aliyepanda mlima. Kabla hatujafuturu alikuwa ameshatutoka.

"Hakuonja," mama yake alisema. Alirudia neno hilo hilo tu, na watu wa mtaani wakamaliza wenyewe yaliyobaki.

Kwa vile ninafanya kazi maabara, daktari alinituma nichukue damu na maji ya jichoni kabla ya maiti kuoshwa. Ulinishika mkono wa koti, ukaniambia nisimuumize. Nikakueleza kwamba sindano inapita pembeni ya jicho, yanavutwa maji kidogo, kisha tunarudisha maji safi ili jicho lisibonyee. Ukageuza uso ukutani. Yusufu mwenyewe alinishonea koti hilo la kazi kwa mkono wake katika duka lake pale Muhima, na nilikuwa nimelivaa.

Damu na jicho vilipingana. Damu ilionyesha sukari kidogo, kama ya mtu mwenye njaa. Jicho lilionyesha sukari nyingi mno. Daktari hakushangaa, wala mimi. Mtu akishakufa, damu yake haitulii: inaendelea kuila sukari iliyomo, inaharibika upesi, na ukiipima saa zikiwa zimepita inakupa jibu lisilo lake. Maji ya jicho yamefungiwa peke yake, yanachelewa kuharibika. Humo sukari hupungua baada ya kifo, haiongezeki. Ukiikuta nyingi, jua kwamba alipokuwa hai ilikuwa nyingi zaidi. Yusufu aliuawa na ugonjwa wa sukari ambao hakuna aliyeufahamu, sisi sote tukidhani ni saumu.

Niliyasema hayo Kagarama mbele ya wazee wao. Mama mkwe wako alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Damu ndiyo mutu. Damu imesema sukari hakuna. Jicho iko maji tu, na maji hiyo ni wewe umetoa, dada yake." Wazee wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Wakambakiza binti yako Mariamu kwao, na sisi tukaonyeshwa njia.

Lakini hawakukuvunja wao. Tulipokuwa tunateremka ule mlima wa Kagarama uliniuliza, "Ni sukari kweli?" Nikasema ndiyo. Ukasimama. "Ile juisi niliizidishia sukari, ili apate nguvu."

Hukulia. Ulimaliza eda yako, ukapanda basi pale Nyabugogo, na hukuniaga. Nilikuwa nimekutafutia ukweli ukuokoe, na ukweli wenyewe ndio ulioondoka na wewe.

Basi nisikilize, kama barua hii itakufika. Jicho linasema sukari ilikuwepo, halisemi ilitoka kikombe gani. Sitakudanganya kwamba juisi ile ilimfaa, haikumfaa. Lakini kiu, Zaituna, ilianza Shaabani, kabla hujakamua nanasi hata moja. Suruali alizojishonea mwenyewe zilikuwa zimeshaanza kumteleza kiunoni. Ugonjwa ulikuwa umemla zamani, wewe ulikuwa unamhurumia tu.

Nasema hivyo na sioni faida yake. Wao hawatabadilika, na wewe hujulikani uliko. Njia zimejaa vizuizi, watu wanaogopana, na kila ninayemuuliza habari zako ananiambia nisubiri. Nimechoka kusubiri. Ninaamka, ninavaa koti alilonishonea Yusufu, ninapima damu za watu, ninarudi Nyakabanda kwenye nyumba isiyo na mtu wa kunichekesha. Nimekata tamaa, mdogo wangu, na sina haja ya kukuficha.

Majuzi nilikwenda Kagarama. Bibi yake Mariamu, ambaye yeye humwita Nyogokuru, hakuniamkia, ila aliniacha nikae. Mariamu akaniletea maji. Ameshaota tena meno ya mbele, anatembea kama wewe, kichwa kimeinama upande. Alisimama mbele yangu akaonja, akameza, akaonja tena, kisha akanipa.

Nikamuuliza, "Mbona mara mbili?"

"Nyogokuru amesema mimi nionje mara mbili, kwa sababu niko mutoto wa mama yangu."

Niliyanywa yote yeye akinitazama. Rudi, Zaituna, umwambie mara moja inatosha. Mimi nimemwambia, na hata hivyo, alipokuja jirani kuomba maji, akaonja mara mbili.

Kwaheri, popote ulipolala leo.

Dada yako, uliyemshika mkono wa koti