Mlango wa Pipa la Mama

Gereji ya Kuchomelea,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumapili, 9 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Kalamu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa kaka yako Nyundo. U hali gani huko? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kusingizia vumbi? Sisi tu wazima, isipokuwa mguu wa mama na kile kidonda kisichopona, na huo mguu ndio ulionikalisha leo mbele ya karatasi, jambo ambalo unajua silipendi.

Naanza na linaloniwasha, maana nisipolitoa sitaandika mengine. Tangu utume ule mchoro wa chumba cha oksijeni cha kuponyesha kidonda, mama aliubandika ukutani juu ya kitanda, na kila aliyekuja kumjulia hali alionyeshwa. "Binti yangu mhandisi huyo, ananitengenezea mashine." Unatengeneza! Wewe uko huko na rula yako, mimi nimelala chali chini ya tangi, cheche zinaniingia shingoni. Shangazi alipouliza nani anachomelea, mama akasema, "Aa, yupo Nyundo, anasaidia." Miaka ishirini na miwili ya ufundi, leo nimekuwa msaidizi wa karatasi.

Nina wivu, mdogo wangu. Nimekuwa nao tangu ulipoanza shule ukawa unashika namba moja, na mimi nikawa natumwa kukubebea begi.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri. Lile tangi la hewa lililotupwa na kiwanda cha matofali nililipiga msasa likang'aa, nikalikatia mlango wa kupita mtu na kidirisha cha plastiki nene, unene wa vidole vitatu kamili. Maagizo yako niliyashika. Hewa ya kawaida ndiyo inayoshindiliwa mle ndani na kompresa, oksijeni mama anaivuta kwa barakoa tu, ili cheche moja isije ikageuza chumba kizima kuwa tanuri. Hakuna grisi, hakuna mafuta, nguo ni pamba tupu. Daktari wa vidonda alikuja akalizunguka mara mbili, akaguna, akasema atasimamia mwenyewe iwapo tangi litafaulu jaribio. Hospitali yenye chumba kama hicho foleni yake ni ya miezi mitano, na mguu hauna miezi mitano.

Jambo moja sikulifuata. Ulichora mlango wa kufungukia ndani. Nilicheka peke yangu. Nimetengeneza matangi ya maji, ya dizeli na ya maziwa, na yote milango yake hufungukia nje ikakazwa kwa bolti. Nikaugeuza bila kumwambia mtu. Nilitaka pawe na kitu kimoja kwenye pipa lile ambacho ni changu.

Siku ya jaribio mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti na gauni lake la pamba, anang'ang'ania kuingia. "Nijaribu kidogo tu." Wewe ulikuwa umeandika tuanze na maji, ukapigia mstari mara tatu. Nikajaza maji, lakini si kwa kukutii. Nilitaka nikuandikie kwamba umenipotezea siku nzima. Presha haijafika hata nusu, bolti zikakatika moja baada ya nyingine, mlango ukaanguka kando ya vidole vyangu na gereji ikawa bwawa. Hapo ndipo kilipoingia kichwani nilichokicheka: mlango wako presha yenyewe ingeukandamiza ujifunge, wangu iliusukuma utoke. Ingekuwa ni hewa, mlango ungeruka kama risasi, na mama yumo ndani.

Mama, kalowa hadi magotini, akaniuliza, "Kalamu ndivyo alivyochora?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Ndiyo maana hapokei simu zako. Siku ileile aliubandua mchoro, na kwa siku tisa sasa amekuwa akiwaambia watu kwamba Nyundo ndiye aliyemwokoa. Sitakudanganya na wewe pia: sifa zile nilizila kwa raha. Niliomba hata shangazi arudie.

Nimeutengeneza mlango upya, wa kufungukia ndani kama ulivyochora. Daktari ameona maji yakishindiliwa mara tatu na tangi halikuvuja hata tone. Lakini mama hataki. "Siingii kwenye kitu cha Kalamu, kitaniua." Na juzi daktari alifungua bandeji, akaona kidole cha pili kimeanza kuwa cheusi. Tusipoanza wiki hii inayoanza kesho, Jumatatu ya tarehe 17 wanaukata mguu chini ya goti. Ndipo sifa zikanitumbukia nyongo.

Nisamehe. Kwa simu ningeumauma maneno, kwa hiyo nimeandika.

Nisalimie shemeji na wale mapacha. Shangazi anakusalimu sana, na jirani yetu fundi rangi anauliza kama utakuja na mume au peke yako.

Kabla sijafunga bahasha: nimeona barua itakawia, na mguu hausubiri, basi nimemsomea mama yote uliyoyasoma hapo juu, hata yale ya wivu. Akasema, "Masikini binti yangu. Nipe simu nimpigie." Unaona? Hata leo ni wewe kwanza!

Nikamuuliza, na pipa je? Akasema ataingia kesho asubuhi daktari akiwepo, kwa sharti moja: nisimame kidirishani saa nzima na nusu, nisibanduke hata kwenda kujisaidia. "Nataka niuone uso wako. Wewe ndiye uliyelichomelea pipa, nikikuona umetulia na mimi nitatulia."

Mchoro ni wako, na samahani ya mama umeipata wewe. Kidirisha ni changu, mdogo wangu, na hicho sikugawii.

Mungu akutunze, na akuvumilie kuliko nilivyokuvumilia mimi.

Wako akupendaye, wivu na yote,
Kaka yako Nyundo